MBOJI ILIYOIVA, MBOGA SALAMA



Katika wodi ya watoto tulimpokea mtoto wa miaka minne, tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika, hapati choo. Minyoo mikubwa ya mviringo, ile inayofanana na nyungunyungu, ilikuwa imejikusanya na kuziba utumbo. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Tulipozungumza na mama yake, tulielewa chanzo. Nyumbani wana bustani nzuri ya mchicha na karoti. Ili mboga zistawi, walichota uchafu wa choo cha zamani wakaumwaga kwenye matuta. Mtoto naye alizoea kung'oa karoti na kuila papo hapo. Hatukumlaumu mama huyu. Mbolea ya dukani ni ghali, naye alitaka watoto wake wale mboga. Mwezi huu basi tuzungumzie mbolea ya asili isiyoleta ugonjwa.

Vijidudu vyema ni vipi?

Tukisikia neno vijidudu, wengi wetu hufikiria maradhi. Lakini vijidudu vingi vya udongoni havina madhara, na vingi vina manufaa makubwa. Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina mamilioni ya bakteria. Wao pamoja na kuvu hula majani, mabua na samadi, na kuvigeuza kuwa chakula cha mimea.

Ukitaka kuona kazi yao, ng'oa taratibu mche wa maharage unaotoa maua. Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wamo kazini wakichukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Kwa hiyo ukivuna maharage, kata mashina na uache mizizi ioze shambani.

Joto ndilo dawa

Vijidudu vinapofanya kazi katika lundo la mboji hutoa joto. Lundo lililopangwa vizuri hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto hilo likidumu siku kadhaa huua mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Lakini mayai ya minyoo ya mviringo yakiachwa tu udongoni yanaweza kuishi miaka kadhaa.

Jinsi ya kutengeneza mboji

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima.
2. Tandaza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Juu yake weka majani mabichi, kisha samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, halafu udongo kidogo. Rudia hivyo hadi lundo lifike kimo cha mita moja na nusu, na upana kama huo. Lundo dogo halipati moto.
3. Nyunyizia maji kila tabaka. Ukikamua konzi moja, iwe na unyevu lakini isichuruzike. Funika kwa majani ya mgomba.
4. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukiguse: kiwe cha moto. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa kimelowa na kinanuka vibaya, pindua lundo lipate hewa.
5. Pindua lundo kila linapoanza kupoa, yale ya pembeni yaingie katikati. Usiiruke hatua hii, kwa maana pembeni hakuna joto la kutosha na mayai hubaki hai.
6. Baada ya miezi mitatu hivi, au zaidi penye baridi, mboji huwa nyeusi, imepoa, na inanukia kama udongo wa msituni. Sasa imeiva.

Tahadhari

• Kinyesi cha binadamu kisitiwe kamwe kwenye bustani ya mboga, na watoto wasijisaidie humo.
• Samadi mbichi, na mboji ambayo haikupata moto, ichanganywe na udongo angalau miezi minne kabla ya kuvuna mboga.
• Vaa viatu bustanini, kwani safura hupenya kwenye ngozi ya miguu.
• Joto la mboji haliui mbegu za pepopunda. Mtu akijikata akiwa na jembe au samadi, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha mlete hospitali. Akina mama, kamilisheni chanjo. Wala msipake samadi wala majivu kwenye kitovu cha mtoto mchanga.
• Nawa mikono kwa sabuni, na osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi kwa maji safi na salama.
• Watoto wapate dawa ya minyoo kwa wakati wake, shuleni au kliniki.

Ndugu wasomaji, Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Tukivipa vijidudu vyake muda wa kumaliza kazi, tutawapa watoto wetu mchicha usiowarudisha wodini.