Istilahi za Gofu: Fimbo Ndefu na Fimbo Iliyorefushwa

Istilahi isiyo wazi hupoteza maana, na mara nyingine hupoteza fedha pia. Mfano mmoja unapatikana katika mchezo wa gofu. Miongozo ya mchezo huo humshauri mchezaji ambaye huzungusha fimbo polepole, kama vile mzee aliyepungukiwa na wepesi wa viungo, atumie fimbo zilizo ndefu zaidi. Mfasiri akiyahamisha maneno hayo yalivyo, msomaji hatajua kama anaambiwa akanunue fimbo mpya, ama achague nyingine katika mfuko alio nao. Mwalimu wa michezo na afisa ugavi anayeandika orodha ya vifaa hukabiliwa na utata huo huo.

Yafaa tuanze na jina la kifaa chenyewe. Kiingereza hukiita kwa neno lile lile litajalo chama cha wachezaji. Kiswahili kimekwisha kulichukua neno hilo, nacho kimelipa maana ya chama: klabu. Kuliongezea maana ya kifaa ni kuzua mkanganyiko usiokuwa na lazima. Wako watakaopendekeza "rungu", kwa kuwa kifaa hicho kina kichwa. Lakini rungu ni silaha, na watangazaji na wachezaji wamekwisha kuzoea kusema "fimbo". Neno lililokwisha kukubaliwa na watumiaji lisiondolewe pasipo sababu.

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: mshiko, mpini na kichwa. Upande wa kichwa unaogonga mpira ni uso, na jinsi uso huo ulivyolala nyuma ni mwinamo. Kitendo cha kuizungusha fimbo tunakiita mzungusho, ili kukitenga na mkwaju. Mkwaju ni pigo linalohesabiwa. Mzungusho wa mazoezi, usiokusudia kugonga mpira, hauhesabiwi. Kadhalika, kinachopimwa hapa ni kasi wala si nguvu. Kumwita mchezaji huyu "dhaifu" ni kumvunjia heshima na kupotosha dhana, kwani mtu mwenye nguvu nyingi aweza kuwa na mzungusho wa polepole.

Sasa turudi kwenye urefu. Maana ya kwanza yahusu uchaguzi ndani ya mfuko. Kanuni humruhusu mchezaji kuchukua fimbo zisizozidi 14. Fimbo za chuma hupewa namba: kadiri namba inavyopungua, ndivyo mpini unavyorefuka na mwinamo unavyopungua. Tofauti ya urefu kati ya namba moja na inayofuata kwa kawaida ni kama nusu inchi. Pale ambapo mwenye kasi hutumia namba 7, mwenzake wa polepole aweza kuhitaji namba 6 au 5 ili kuufikisha mpira mahali pale pale. Huyu hanunui chochote. Habadilishi ila chaguo lake. Hata hivyo, namba ndogo sana hazimfai, kwa kuwa mwinamo mdogo huhitaji kasi ili mpira uinuke. Mahali pa namba hizo hutumika fimbo chotara, ambazo umbo la kichwa chake ni kati ya fimbo za chuma na zile ziitwazo za mti. Mfasiri azingatie kwamba fimbo "za mti" zimebaki na jina tu. Vichwa vyake siku hizi aghalabu ni vya metali.

Maana ya pili yahusu utengenezaji. Hapa fimbo ya namba ile ile huundwa kwa mpini unaozidi kipimo cha kawaida. Sababu yake ni ya kifizikia: katika mzunguko mmoja, ncha iliyo mbali na kitovu huenda mwendo mrefu kuliko iliyo karibu. Lakini faida hiyo ina mipaka. Inchi 1 ikiongezwa kwenye fimbo ya inchi 44, urefu huongezeka kwa asilimia 2 hivi. Kwa kuwa mikono nayo imo katika nusukipenyo cha mzungusho, kasi huongezeka kwa kiasi pungufu ya hapo, hata kama mchezaji atazungusha upesi ule ule. Aghalabu hawezi, maana fimbo iliyorefushwa ni nzito zaidi kuizungusha, na ni vigumu zaidi kuugonga mpira kwa kitovu cha uso. Pigo la pembeni laweza kupoteza kasi yote iliyopatikana kwa urefu. Ndiyo maana fundi hatazami urefu peke yake. Huutazama pamoja na wepesi wa mpini, unyumbufu wake, na mwinamo.

Isitoshe, urefu una ukomo wa kikanuni. Fimbo yoyote, isipokuwa ile ya kusukumia mpira shimoni, haipaswi kuzidi inchi 48, yaani sentimeta 122 hivi. Tangu mwaka 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wana hiari ya kuweka ukomo wa inchi 46.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) fimbo ndefu: fimbo ambayo katika seti yake kwa kawaida ina mpini mrefu kuliko nyingine;
(b) fimbo iliyorefushwa: fimbo ya namba yoyote ambayo mpini wake unazidi kipimo cha kawaida cha namba hiyo;
(c) kasi ya mzungusho: kasi ya kichwa cha fimbo kinapokaribia kugonga mpira;
(d) mpini mnyumbufu: mpini unaopinda kwa urahisi na kurudia hali yake.

Tofauti kati ya (a) na (b) ni ya kiambishi na mnyambuliko tu, lakini yatosha. "Ndefu" yaeleza hali ya kitu kilivyo. "Iliyorefushwa" yaonyesha kwamba kuna aliyekitenda kitu hicho, na kwamba kazi yake italipiwa. Kiswahili kinao uwezo huo katika vitenzi vyake. Mfasiri anayeutumia humwezesha msomaji kujua, kabla hajafungua mkoba, ni ushauri upi anaopewa.