UZI: Rangi ya nyumba za zamani, risasi, na lile swali la "ni kazi ya nani?"

1/ Kila msimu wa siasa lazima usikie mtu akiahidi kukarabati estate za zamani za kaunti. Makofi. Lakini rangi ya hizo kuta ikikwanguliwa, vumbi lake linaenda wapi? Tuongee hiyo.

2/ Kwa miaka mingi rangi ya mafuta, ile ya milango, madirisha na grili, ilitiwa madini ya risasi ili ikauke haraka na idumu. Marekani ilipiga marufuku ya nyumbani 1978. Kikomo chetu cha sasa, sehemu 90 kwa milioni, kimekuja juzi tu, mwishoni mwa miaka ya 2010.

3/ Rangi ikishika vizuri ukutani, hatari ni ndogo. Balaa ni ikibanduka, fundi akipiga msasa mkavu, au akiichoma. Vumbi hilo ni laini, hulioni. Linatua sakafuni, mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni.

4/ Risasi inaharibu ubongo unaokua: masomo, umakini, tabia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Ni kipimo cha damu kitakachokuambia.

5/ "Hiyo ni shida ya wazungu." Zii. Kule Owino Uhuru, Mombasa, haikuwa rangi bali kiwanda cha kuyeyusha betri, lakini sumu ni ile ile. 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na wakaazi wakashinda 2024. Msingi: Kifungu cha 42, haki ya mazingira safi.

6/ Sasa ile mpira ya kurushiana. Viwango vya rangi ni KEBS, yaani serikali ya kitaifa. Sera ya nyumba pia. Lakini kwa Jedwali la Nne la Katiba, chekechea, afya ya mashinani na nyumba za kaunti ni za kaunti. Kwa hivyo ukisikia "hiyo si kazi yetu", uliza ni sehemu gani.

7/ "Tukipima kila nyumba, ukarabati utakwama na rent itapanda." Hoja hiyo ina uzito. Lakini si lazima kila nyumba. Anza na chekechea na estate kongwe, kisha andika masharti kwenye zabuni. Maji na nailoni si bei.

8/ Na wewe unayepaka keja ya zamani: watoto na wajawazito watoke. Lowesha ukuta kabla ya msasa. Tandika nailoni. Usichome rangi. Usifagie, piga deki. Nguo za kazi zifuliwe kando.

9/ Akija kuomba kura na ahadi ya ukarabati, usiulize tu "lini?" Uliza: mtapima rangi? Mafundi watavaa nini? Watoto watalala wapi wakati huo?

Kama caretaker wenu anapiga msasa wiki hii, mtumie namba 8.