Babu alizaliwa wapi?

Kwenye machimbo vijana wanasimuliana habari ya viza ya Uingereza: ukionyesha kama babu yako alizaliwa kule, unafunguliwa mlango. Ni kweli, viza hiyo iko, na ni ya miaka 5. Lakini lazima wewe uwe raia wa nchi ya Commonwealth, na Kongo haimo. Kwa mtoto wa Bijombo habari inaishia hapo.

Ila ulizo lenyewe tunalijua sana, hata kuliko hao Wangereza. Katiba ya 1964 iliuliza kama mzee mumoja wa ukoo wako alikuwa wa kabila lililokaa Kongo mbele ya 18 Oktoba 1908. Mwaka wa 1972 sheria ikapokea watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu mbele ya 1 Januari 1950. Kufika 1981 hiyo ikafutwa, tarehe ikarudishwa nyuma hata 1 Agosti 1885. Nani ana karatasi ya 1885? Leta yenyewe ilikuwa haijapanda hii milima!

Sheria ya leo, ya 12 Novemba 2004, inaangalia makabila yaliyokuwa katika inchi wakati wa uhuru, 1960. Tena mtoto mwenye baba ao mama Mkongomani ni Mkongomani.

Kwa mchimbaji hayo si maneno ya wanasiasa tu. Sheria ya madini inasema karte ya mchimbaji wa mukono inapewa Mkongomani mtu mzima, basi. Paspoti nayo ni hivyo hivyo, na bila paspoti hakuna viza ya kuomba. Lakini huku Bijombo nyumba nyingi ziliunguzwa katika vita vya miaka hii, na makaratasi yakaungua ndani. Asiye na cheti cha kuzaliwa aende tribunali, aombe hukumu ya kushika nafasi yake.

Mwenye kupata viza asiogope, viza haiondoi uraia. Kuchukua uraia wa kigeni ndiko kunauondoa, ju sheria yetu haikubali mbili pamoja.

Kama bibi angali muzima, mumuulize sasa: jina la baba yake, kijiji, shefu aliyemulipa kodi. Akisahau mwaka, mumuulize kama ilikuwa mbele ya uhuru ao kisha vita vya Mulele. Muandike, na kopi muiweke kwa ndugu anayekaa mbali.