NERICA: Mpunga wa Afrika Ulipokutana na wa Asia

Wengi wetu tunapoketi kula wali, tuwe Mombasa, Muscat au London, hatufikirii kwamba binadamu amepata kufuga jamii mbili tofauti za mpunga, na kwamba moja kati ya hizo ni ya Afrika. Mpunga tuliouzoea katika mwambao wa Afrika Mashariki asili yake ni Asia, nao ulifika kwetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Ule wa pili inaaminika ulianza kulimwa takriban miaka 3,000 iliyopita katika bonde la mto Niger, katika Mali ya leo. Wataalamu huuita Oryza glaberrima, na ule wa Asia huitwa Oryza sativa. Makala hii inaeleza jinsi jamii hizo mbili zilivyochanganywa hata ikapatikana mbegu ya NERICA, na kwa nini mbegu hiyo, pamoja na sifa zake zote, haikutosha peke yake kujaza maghala ya Afrika.

Mpunga wa Afrika ni mvumilivu. Majani yake ya chini hutanda na kufunika ardhi, yakayanyima magugu mwanga wa jua. Hilo si jambo dogo, kwani katika mashamba ya nchi kavu palizi ndiyo inayomaliza nguvu za mkulima, na aghalabu mkulima huyo ni mwanamke. Baadhi ya aina zake huhimili ukame, udongo hafifu na maradhi. Miongoni mwa maradhi hayo umo ugonjwa wa virusi unaoyageuza majani kuwa ya manjano. Wakulima wa Tanzania huuita kimyanga, na ulionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966, karibu na Ziwa Victoria.

Hata hivyo mpunga huo una kasoro mbili kubwa. Shina lake hulala linapolemewa na suke, na punje zake hupukutika kabla ya kuvunwa. Mpunga wa Asia ni kinyume chake: huzaa kwa wingi na hushika punje zake, lakini hutaka maji, mbolea na matunzo. Ndiyo sababu wakulima wa Afrika Magharibi waliuacha mpunga wao kidogo kidogo na kuushika ule wa kigeni.

Je, kwa nini sifa za jamii hizo mbili hazikuunganishwa mapema? Si kwamba hapakuwa na waliojaribu. Tatizo ni kwamba mmea uliozaliwa kutokana na mchanganyiko huo ulikuwa tasa. Ulichanua kama kawaida, lakini suke lilibaki mapepe matupu.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya mpunga ya Afrika Magharibi, WARDA, iliyokuwa na makao yake karibu na mji wa Bouaké nchini Kodivaa, walilikabili tatizo hilo upya. Kiongozi wao alikuwa Monty Jones, mwanasayansi kutoka Sierra Leone. Baada ya kuchavusha ua la mpunga mmoja kwa chavua ya mwingine, walikitoa kiinitete kichanga kabla hakijafa na kukikuza maabara katika chombo chenye virutubisho. Mche uliopatikana ulichanganywa tena na mpunga wa Asia, kizazi baada ya kizazi, hadi uwezo wa kuzaa ukarejea. Ifahamike kwamba huu haukuwa uhandisi wa jeni. Ilikuwa ni kazi ya kale ya kuoanisha mimea, iliyosaidiwa na maabara.

Jina NERICA ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpunga mpya kwa Afrika. Aina za kwanza zilikomaa kwa muda wa siku 90 hadi 100 hivi, wakati mpunga mwingine wa nchi kavu huchukua miezi minne au zaidi. Kwa familia ambayo ghala limekauka, tofauti ya mwezi mmoja ni tofauti kati ya kula na kukopa.

Mwaka 2004 Monty Jones alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Yuan Longping wa China, mwasisi wa mpunga chotara. Kazi zao zilitofautiana kwa jambo moja lenye uzito kwa mkulima maskini. Mbegu chotara ya Yuan huzaa sana, lakini sharti inunuliwe upya kila msimu. Mkulima wa NERICA, kwa upande wake, anaweza kuweka akiba sehemu ya mavuno yake na kuipanda tena, mradi aichague kwa uangalifu isichanganyike na nyingine.

Watafiti hao pia hawakuwaamulia wakulima. Katika mwaka wa kwanza walipanda aina nyingi katika shamba moja na kuwaalika wanakijiji waziangalie. Mwaka wa pili kila mkulima alipewa zile alizozipenda, na mwaka wa tatu aliulizwa kama yuko tayari kuzinunua. Ilibainika kwamba mkulima hatazami mavuno tu, bali pia urefu wa shina, urahisi wa kukoboa na ladha ya wali. Wasikilizaji wa Tanzania wanalielewa hilo vyema, kwani mchele usionukia hauwezi kushindana na ule wa Kyela.

Mbegu hiyo ilivuka bara hadi Uganda, ambako aina ya NERICA 4 iliidhinishwa mwaka 2002. Gilbert Bukenya, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliupigia debe mpunga wa nchi kavu, na mazao hayo yakaenea katika vilima ambavyo havikuwa na mabonde ya maji.

Lakini matatizo yalijitokeza. Mahali pengi mbegu safi zilikuwa adimu, na bila mbolea mavuno yalibaki haba. Mkulima aliyepanda peke yake mpunga unaowahi kukomaa aligundua kwamba ndege wote wa eneo hilo walihamia kwake, na watoto wakalazimika kushinda shambani wakiamia. Utafiti wenyewe haukusalimika. Vita vilivyozuka Kodivaa mwaka 2002 viliwafukuza wanasayansi Bouaké, wakahamia Bamako, kisha Cotonou. Taasisi hiyo, ambayo sasa inaitwa AfricaRice, ilirejesha makao yake makuu Kodivaa, mjini Abidjan, mwaka 2015.

Bei ya vyakula ilipopanda duniani mwaka 2008, maandamano yalizuka katika miji kadhaa ya Afrika Magharibi. Mwaka huo huo, katika mkutano wa Yokohama nchini Japani, uliwekwa mpango wa kuongeza mavuno ya mpunga kusini mwa Sahara kutoka tani milioni 14 hadi milioni 28 katika muda wa miaka kumi. Lengo jipya lililofuata ni tani milioni 56 ifikapo mwaka 2030. Hata hivyo walaji nao wameongezeka, hasa mijini, na bara hili lingali linaagiza mamilioni ya tani kila mwaka. India ilipozuia uuzaji nje wa mchele mweupe usio basmati mwezi Julai 2023, mtikisiko wake ulifika hadi masokoni mwetu.

Hivyo basi, wasikilizaji, NERICA imethibitisha kwamba mpunga uliokaribia kusahauliwa ulikuwa umebeba sifa ambazo fedha haziwezi kununua. Lakini mbegu ikitoka maabara ndipo safari huanza. Bado inahitaji wa kuizalisha, barabara ya kuifikisha, mbolea, mashine nzuri ya kukoboa na mnunuzi mwenye bei ya haki. Serikali inayogawa mbegu na kuyasahau hayo mengine inamwachia mkulima mapepe.