Maji ya Ruvu Huamuliwa Uluguru

Katika bonde la Ruvu upande wa Dutumi, wilayani Kibaha, mto unaweza kufurika siku ambayo jua linawaka na mvua haijadondoka. Maji hayo yametoka mbali magharibi, kwenye Milima ya Uluguru, ambako kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari.

Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga safu hiyo, zikalazimika kupanda, zikapoa na kuwa mvua. Ndiyo maana miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, huku ile ya magharibi ikipata pungufu sana. Ruvu huanzia huko juu. Mto Mvuha hujiunga nao. Mgeta huzunguka kusini mwa safu kupitia Kisaki. Ngerengere hupita Morogoro mjini na kuungana na Ruvu kabla ya Mlandizi. Kisha mto huelekea kaskazini-mashariki hadi baharini, karibu na Bagamoyo.

Mlimani maji yana kasi, hivyo huchimba na kubeba mawe, mchanga na tope. Yakifika nyanda za chini, zilipo Kibaha na Kisarawe, mwinamo hupungua na nguvu ya kubeba hupotea. Mchanga hutua, mto hujipinda na kuhama, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji hupanda kingo na kutandaa bondeni. Mafuriko hayo huharibu mashamba, lakini pia huacha udongo wenye rutuba, hujaza mabwawa ya asili na kuinua maji ya visima. Bonde lililo wazi hupunguza kasi ya mafuriko kabla hayajawafikia walio chini. Kujenga ndani yake ni kuisukuma hatari kwa jirani.

Swali gumu zaidi ni la kiangazi: mto hupata wapi maji? Kuanzia Juni hadi Septemba mvua huwa haba, lakini mto hauachi kutiririka. Maji yake wakati huo ni mvua ya misimu iliyopita, iliyozama kwenye udongo wa msitu na miamba yenye nyufa, ambayo sasa inachuruzika taratibu kwenye chemchemi. Misitu ya juu hunasa hata ukungu. Mlima uliovuliwa msitu humwaga mvua kama paa la bati: mafuriko leo, ukame kesho, na tope linaloziba mkondo.

Anayeumia si Mluguru wa mlimani, mkulima au mfugaji wa bondeni peke yake. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam na Kibaha. Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka, jiji liliingia kwenye mgawo wa maji. Bwawa la Kidunda kwenye mto huo, lililobuniwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litasaidia kuweka maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Lakini bwawa linalopokea tope kila mwaka hupungua ujazo. Uhai wake utategemea miteremko iliyo juu yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima anayelima hadi ukingoni anahitaji kuelimishwa na kupewa njia mbadala, na mfugaji anahitaji malambo na njia maalumu za kunyweshea mifugo ili kingo zisibomoke. Na anayelima Uluguru, akitengeneza matuta na kupanda miti, anawahifadhia maji watu asiowajua. Halmashauri na mamlaka za maji zimuunge mkono kwa fedha na wataalamu, kwa sababu kila anayefungua bomba Dar es Salaam anakunywa matunda ya kazi yake.