Wizi wa Dukani Wakati wa Amani na Wakati wa Dhiki

Ndugu Waislamu, wako vijana wanaodhani kwamba kutia mfukoni sabuni au biskuti ya dukani bila ya kulipa ni utundu tu, wala si wizi. Dhana hii ni batili. Mali ya mwenye duka ni haramu kwa asiyeruhusiwa, ikiwa ni ya shilingi kumi au ya shilingi elfu.

Mwenyezi Mungu ameitaja adhabu ya mwizi, ya kukatwa mkono, katika Sura ya Al-Maida, Aya ya 38. Na Aya inayofuata imemfungulia mlango mwenye kutubia na kutengenea. Wanavyuoni wameweka masharti mazito. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, sharti mali ifikie robo ya dinari, yaani dhahabu ya kiasi cha gramu moja, na iwe imetolewa mahali pa hifadhi yake, wala pasiwe na shaka. Iliyo chini ya hapo haikatiwi mkono, lakini haiwi halali: mwizi hutiwa adabu, na mali hurudishwa kwa mwenyewe.

Leo katika Kenya mashauri haya hayaamuliwi na Kadhi, ambaye Katiba ya 2010 imemwachia mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mwizi wa dukani husimama mbele ya hakimu wa serikali, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 275, yaruhusu kifungo cha hata miaka 3.

Je, ikitangazwa hali ya hatari kwa ghasia, moto au mafuriko? Sheria za nchi nyingi huzidi ukali, kwa kuwa mwenye duka amekimbia na ulinzi umekatika. Jimbo la California, Marekani, limeufanya wizi wa wakati huo kuwa kosa la pekee la uporaji. Huko London, katika ghasia za Agosti 2011, mwanafunzi mmoja aliingia katika duka ambalo wengine wamekwisha livunja, akachukua maji ya chupa ya pauni 3 na nusu. Alifungwa miezi 6.

Lakini iko dhiki ya namna nyingine, nayo ni njaa. Katika mwaka wa 18 Hijria, ukame ulipowapata watu wa Madina, imepokewa kwamba Sayyidna Omar (R.A.) aliizuia hukumu ya kukata mkono. Tena Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wakamchinja. Omar alipotambua kuwa bwana wao huwaacha na njaa, aliwaepusha na adhabu, akamtoza bwana huyo dirhamu 800 kwa ngamia wa dirhamu 400.

Basi mwenye njaa ana udhuru, na mwenye kufuata kundi la waporaji hana. Na udhuru wa mwenye njaa ni lawama juu ya majirani walioshiba.

Enyi wazazi, mwanao akiingia na kitu usichomnunulia, muulize kimetoka wapi. Kikiwa cha wizi, fuatana naye mkakirudishe kwa mwenyewe mkono kwa mkono, kabla hajazoea na kabla hajaitwa na hakimu. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.