Usinunue udongo, lisha ulio nao

Kama unaishi Kitengela, Syokimau au Embakasi, unaujua ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unabeba nusu ya shamba kwa viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kidole. Sukuma ikidumaa, watu hukimbilia kuagiza udongo mwekundu wa pikapu. Weka pesa mfukoni kwanza. Hata huo wa pikapu huchoka usipolishwa.

Kuna watakaokuambia uchanganye na mchanga. Wapi! Ukitia kidogo, mchanganyiko hukauka kama tofali. Kinachofungua udongo huu ni vitu vilivyooza.

Tafuta ndoo kuukuu, itoboe chini. Tia maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai, kisha majani makavu au katoni uliyorarua. Vikavu vizidi vibichi, kama mara 2 hivi. Nyama acha, utafuga panya. Geuza kila wiki. Baada ya kama miezi 3 inanukia msitu.

Samadi ya kuku? Hiyo ni moto, bana. Ioze kwanza, la sivyo inachoma mizizi.

Mwaga unene wa vidole 4, changanya na udongo wa juu ukiwa hauna tope, halafu funika na nyasi kavu. Landilodi akiuliza unachimba nini, mkatie mboga.